Siku Kabla ya Koti: Mafunzo Niliyopata Nikiwapeleka Vijana wa Gatete Kilimanjaro

Sisi tunaoishi Gatete, kando ya Ziwa Tanganyika, tunalala kwenye mwinuko wa mita 770 na ushee kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Mlima mrefu kuliko yote nchini Burundi, Heha, haufiki mita 2,700, na kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu, Mandara, kiko mita 2,720. Kwa hiyo Mrundi anayepanda Kilimanjaro hulala juu kuliko pahali popote pa nchi yake usiku wake wa kwanza tu mlimani. Hesabu hii nimeirudia mbele ya wazazi, mbele ya vijana wenyewe na mbele ya watu niliowaomba mchango, kwa sababu maswali yote ya maandalizi yanatoka humo: nguo gani, dawa gani, pesa kiasi gani, na zaidi ya yote, siku ngapi.

Vijana ninaowaandaa ni wavuvi, wauza mawese, mafundi wa pikipiki, na walimu wa shule za msingi kama mimi. Sisi hatujiongozi mlimani. Waongozaji wetu ni Watanzania wenye leseni, na taratibu za hifadhi haziruhusu mtu kupanda bila wao. Kazi yangu ni yale yote yanayotangulia geti la Marangu: akiba, vipimo vya hospitali, vifaa, mkataba na kampuni ya mjini Moshi, basi na mpaka. Kisha napanda pamoja nao.

1. Nunua siku kwanza

Njia ya Marangu huuzwa kwa siku 5 au 6. Tofauti yake ni usiku mmoja wa ziada katika kituo cha Horombo, mita 3,720. Kwenye karatasi ya bei, usiku huo ndio wa kwanza kutolewa macho na mtu mwenye pesa chache. Kila kikundi huniuliza kama tunaweza kuukata. Hatuwezi, na sababu yake nitaieleza kwa kirefu, kwani hapo ndipo safari nyingi huharibikia kabla hazijaanza.

Kadiri unavyopanda ndivyo kila pumzi inavyokuletea oksijeni kidogo. Ukifika Uhuru unapata takriban nusu ya ile unayoipata pwani. Mwili unajua kujirekebisha: pumzi zinaongezeka, moyo unapiga kwa kasi, figo zinabadili utendaji wake, damu inaongeza chembe nyekundu. Lakini hayo yote yanataka siku, na hayaharakishwi na ujana wala ujasiri. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku 3 au 4 upumzike. Sasa itazame Marangu. Kutoka Mandara hadi Horombo ni mita 1,000. Kutoka Horombo hadi kituo cha Kibo ni mita 1,000 nyingine. Halafu usiku huohuo, karibu na saa sita, mnaamshwa kwenda kileleni. Usiku wa ziada Horombo hauiondoi kasoro hiyo yote, ila unaipunguza: mchana mnapanda hadi Zebra Rocks, kwenye mita 4,000 hivi, mnakaa kidogo, kisha mnateremka kulala palepale mlipolala jana.

Wanaokwenda Everest kwa upande wa Nepal wananisaidia sana kulieleza jambo hili. Ndege inawashusha Lukla, mita 2,850 hivi, yaani kimo kinachokaribiana na cha Mandara. Kutoka hapo hutembea zaidi ya wiki moja hadi kambi ya chini, mita 5,364, wakiwa wamelala Namche Bazaar zaidi ya usiku mmoja kwa ajili ya kuzoea tu. Safari nzima ya kilele huchukua karibu miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka damu ikubali. Kambi hiyo yenyewe iko chini ya Uhuru kwa zaidi ya mita 500. Watu wenye pesa nyingi na vifaa bora kuliko vyote duniani hulipia wiki kadhaa kwenye kimo cha chini kuliko kile tunachokitaka sisi alfajiri ya siku ya tano. Mzazi akishasikia hivyo, haniulizi tena kwa nini tunalipia Horombo mara mbili.

Pesa zikipungua, ninakata vingine. Fulana za kikundi zenye maandishi hukatwa. Makoti mapya hukatwa, tunakodi. Hoteli ya Moshi hukatwa, tunalala nyumba ya wageni ya kawaida. Na pesa zikiongezeka, siongezi kitu chochote ila siku: tunakwenda kwanza Mlima Meru, katika Hifadhi ya Arusha. Unaanzia geti la Momella, unalala Miriakamba mita 2,514, kisha Saddle mita 3,570, kilele kiko mita 4,566. Mnafuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Anayetoka Meru na kwenda moja kwa moja Kilimanjaro anafika Horombo akiwa na njaa ya kawaida na usingizi wa kawaida. Tofauti yake na wenzake unaiona mezani.

Sisi Warundi tuna nafasi ambayo wengi hawaijui. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na raia wa jumuiya hulipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, kwa bei ya chini mno kuliko ile ya wageni wanaolipa kwa dola. Kwa mgeni wa Ulaya siku moja zaidi ni pesa nyingi. Kwetu inabaki hasa gharama ya chakula, waongozaji na wapagazi, na hiyo kikundi cha akiba chenye sanduku la kufuli tatu kinaweza kuibeba kikijipanga mapema.

2. Hospitali kabla ya soko

Kijana akishaandikisha jina, hatumtumi kutafuta koti. Tunampeleka kupimwa. Presha, moyo, kisukari na pumu ni vya kawaida, na daktari yeyote atavikumbuka. Mawili mengine yanatuhusu sana sisi watu wa ziwani, na vitabu vingi vya wapanda milima wa Ulaya huyapita juujuu.

La kwanza ni seli mundu. Ugonjwa wenyewe familia huujua, kwa kuwa mtoto huugua tangu mdogo. Shida iko kwa aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu. Anaishi miaka yote akiwa mzima, anavua, anacheza mpira, hana habari. Akifika kwenye hewa nyembamba, damu inaweza kuganda ndani ya bandama, akashikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto mahali ambapo hakuna hospitali. Kipimo chake ni cha damu tu. Mvuvi mmoja wetu, mwenye mabega ya kuvuta wavu usiku kucha, alipimwa akakutwa nayo, na daktari akamshauri asiende. Jioni yake mama yake, muuza mawese, akaja nyumbani kwangu. Nilidhani amefuata akiba ya mwanawe. Kumbe alikuwa na swali: "Mwalimu, na wadogo zake nao niwapeleke wakapimwe?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, wapeleke wote." Tangu siku ile kipimo hicho kimeingia kwenye orodha yetu hata kwa wasiokwenda mlimani.

La pili ni malaria. Mtu aliyeumwa na mbu Gatete anaweza kuanza kuugua wiki moja au mbili baadaye, na huo ndio muda tunaokuwa mlimani. Kichwa kinauma, kichefuchefu, mwili hauna nguvu: dalili hizo ndizo zilezile za ugonjwa wa mwinuko. Kwenye sanduku letu la dawa kuna vipimo vya haraka vya malaria na dawa zake, pamoja na kipimajoto. Utaratibu tuliokubaliana na waongozaji hauna mjadala: kichwa kinachozidi kuuma mlimani ni mwinuko mpaka ithibitike vingine, na mgonjwa anateremshwa. Kipimo kinafanyika pia, lakini hakingojewi. Mwenye malaria hadhuriki kwa kuteremka. Mwenye maji kwenye mapafu au uvimbe wa ubongo anaweza kufa kwa kungoja.

Kuhusu dawa ya acetazolamide, ambayo wengi wanaiita Diamox, tunamwachia daktari aamue kwa kila mtu, hasa kwa wenye mzio wa dawa za salfa. Inasaidia mwili kuzoea, inachonyota vidole, inakupeleka haja ndogo mara kwa mara. Haichukui nafasi ya siku ya Horombo. Na haigawanywi kama peremende kwenye basi.

3. Vifaa huanzia miguuni

Watu wa ziwani huogopa baridi, na kwa hiyo kila mmoja anaanza kuulizia koti. Mimi naanza na viatu. Koti zuri linakodiwa Moshi au getini Marangu siku ileile. Mguu wenye lengelenge haukodiwi. Viatu vya kupandia vinunuliwe miezi kadhaa mapema, vivaliwe kwenye vilima vyetu mpaka viwe vimekubaliana na mguu, tena viwe vikubwa kidogo kuliko kawaida. Wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele saa nyingi, na kucha zilizobanwa na kiatu huja kung'oka nyumbani. Mitumba ya Bujumbura ina viatu imara ukiwa na subira, na soko la Memorial la Moshi lina vingi zaidi. Kunja soli kwa mikono miwili, tazama pale inapoungana na ngozi. Gundi iliyokauka hutengana kwenye baridi.

Kinachofuata ni kuzuia pamba. Fulana ya pamba ni raha ya kwetu Rumonge na ni adui wa Horombo, kwa sababu inanyonya jasho na haiachii. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nyuzi za kiwandani, ile nyepesi inayokauka upesi, kama jezi za mpira. Juu yake sweta la manyoya bandia, juu yake koti zito, na la mwisho kabisa koti na suruali ya mvua, kwa kuwa siku ya kwanza mnapita msituni na msitu ule una mvua zake hata kiangazi. Kileleni alfajiri baridi hufika nyuzi 10 chini ya sifuri, wakati mwingine karibu na 20, na upepo juu yake.

Wiki kabla ya kuondoka tunatandika mikeka uani, kila mtu anamwaga begi lake lote, na tunakagua kitu kimoja kimoja. Huwa nawaambia wavae glovu kwanza, halafu wafunge na kufungua zipu ya koti. Wengi hawawezi. Tunafunga uzi mnene kwenye kila zipu, wa kutosha kushikwa na mkono usiosikia vizuri. Tochi ya kichwani inawashwa ndani ya chumba chenye giza, na mwenye nayo anaeleza betri za akiba atakaa nazo wapi: mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi inaua betri. Chupa ya maji inajazwa na kulazwa kifudifudi juu ya gazeti ili tuone kama inavuja, maana usiku wa kilele tunaibeba kichwa chini. Barafu huanza juu, na chupa iliyosimama wima huziba mdomoni. Mipira ya kunyonyea maji siipendi kwa usiku ule, inaganda mapema. Kila kitu ndani ya begi kinaingia kwenye mfuko wa plastiki. Miwani ya jua ni lazima, ile yenye kuzuia miale kweli. Na mafuta ya midomo yasisahauliwe: ngozi yetu nyeusi inatusaidia, midomo haisaidiwi.

Nimeishia kwenye mgawanyo huu: tunanunua kinachogusa ngozi, yaani viatu, soksi, nguo za ndani, mzula na glovu nyembamba. Tunakodi mfuko wa kulalia, koti zito, glovu kubwa na fimbo. Vya kukodi vikaguliwe mchana, dukani, kabla ya kulipa.

4. Maji yana mwisho

Mtu aliyekulia kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470 hajawahi kuyahesabu maji. Mlimani tunayahesabu. Kila mtu anatakiwa anywe lita 3 hadi 4 kwa siku, hata kama hana kiu, kwa sababu hewa kavu na pumzi za haraka zinamkausha bila jasho kuonekana. Juu ya Horombo kuna kibao kinachoonyesha maji ya mwisho, na kituo cha Kibo hakina chanzo chake. Maji yote mtakayokunywa, kupikia na kubeba usiku wa kilele yamepandishwa na mpagazi kutoka hapo chini. Baada ya kulijua hilo, hakuna kijana wetu aliyenawa miguu Kibo.

5. Ndagala na uji

Juu ya mita 3,500 hamu ya kula hupungua, na mafuta mengi hukinaisha kabisa. Wali wenye mawese, ambao nyumbani ungeliwa sufuria nzima, unabaki sahanini. Kinachopita ni uji wa tangawizi, supu, viazi, ndizi. Tunakwenda na ndagala, yaani dagaa wa ziwani kwetu, waliokaushwa vizuri juani na kusagwa laini, na mpishi huwachanganya kwenye supu. Ni wepesi, wana chumvi na protini, na vijana hula kitu chenye ladha ya kwao. Mwambie mpishi wa Moshi mapema. Wapishi hawa wana ujuzi wa ajabu wa kupika kwenye jiko dogo katika upepo, na hawapendi kushtukizwa.

6. Mazoezi ni ya miguu na ya subira

Barabara ya kutoka Rumonge kwenda Bururi inatosha kumfundisha mtu yeyote. Inatoka kwenye michikichi na joto la ziwani, inapanda ukingo wa milima, inakufikisha kwenye baridi ya msitu wa Bururi. Tunapanda na begi la kilo 6 au 7, na sheria yetu ni kwamba kila mtu aweze kuzungumza bila kuhema. Anayeongoza ni yule mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Wenye nguvu hawaipendi sheria hii, na wao ndio ninaowatungia. Mazoezi yanaimarisha moyo na magoti. Hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Mwenye mapafu ya mchezaji mpira anaweza kuugua Horombo huku mwalimu mwenye kitambi akila uji wake. Zaidi ya hayo, mwenye nguvu huwahi mbele, na kuwahi mbele ndiko kunakomuumiza.

7. Njia ya kufika nayo ni sehemu ya mlima

Kutoka Gatete tunakwenda Mabanda, tunavuka Mugina kuingia Manyovu, kisha Kasulu na mabasi ya kuelekea kaskazini hadi Arusha na Moshi. Ni safari ya kulala njiani. Miaka hii ya uhaba wa mafuta nchini kwetu, gari la asubuhi linaweza kuondoka jioni au lisiondoke. Kwa hiyo tunaondoka mapema kuliko inavyohitajika, na zile siku tunazozibakiza tunazitumia Moshi kupumzika, kukodi vifaa na kula. Kupanda mlima ukiwa umetoka kwenye kiti cha basi ni kuanza na deni.

Pasipoti ikaguliwe muda wake miezi kabla. Kadi ya njano ya chanjo iwe mkononi, maana mpakani huulizwa. Faranga zibadilishwe kabla hamjafika mbali ndani ya Tanzania. Majira ninayoyachagua ni Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba. Machi hadi Mei ni masika; bei zinashuka na vijana hunisihi, lakini njia inakuwa matope na kileleni theluji.

8. Mkataba useme nani anaamuru kurudi

Kampuni zinazopandisha watu ni nyingi, na karatasi zao zinafanana. Mimi huuliza maswali yaleyale kwa kila moja. Waongozaji wasaidizi wangapi kwa watu wangapi? Mtungi wa oksijeni unapanda nasi au unabaki ofisini? Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitatumika kila jioni, na nani ataandika? Mtu akiugua usiku Kibo, nani anamteremsha na kwa chombo gani? Marangu ina machela za gurudumu moja zinazosukumwa na watu kadhaa, na ni kitu chema sana kuwa nacho, lakini wa kuzisukuma lazima wawepo.

Halafu kuna kipengele ninachokisoma kwa sauti Gatete, mbele ya wazazi, na kila kijana anatia sahihi: mwongozaji mkuu akisema rudi, unarudi. Hakuna kupiga kura, hakuna "nimebakiza kidogo". Uamuzi huu ufanyike ziwani, ambako kichwa kina hewa. Kileleni akili yenyewe imepungukiwa, na aliye hatarini zaidi ndiye anayejiona mzima.

Nawapa mifano miwili ya Wakenya. James Kagambi alifika kilele cha Everest Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 62, Mkenya wa kwanza kufika, baada ya miongo ya kupanda na kufundisha wengine kupanda. Cheruiyot Kirui, mpanda milima mzoefu na mwenye moyo mkubwa, alikwenda Mei 2024 akikusudia kufika bila oksijeni ya mtungi, akafia karibu na kilele. Simtaji kumhukumu, alijua alichokuwa akikitafuta na alijiandaa kwa miaka. Namtaja kwa ajili ya mtu aliyekuwa pamoja naye. Nawang Sherpa, mwongozaji wake, naye hakurudi. Kila ninapofika kwenye kipengele cha kurudi, nawaomba vijana walifikirie jina hilo la Nawang, kwa sababu mtu akigoma kuteremka hagomi peke yake. Mwongozaji hatamwacha.

9. Wapagazi wamo kwenye orodha ya vifaa na wamo kwenye orodha ya watu

Kila kitu nilichokitaja hapo juu, tukiacha viatu vyetu na begi dogo, kinabebwa na mtu mwingine. Kisheria mpagazi wa Kilimanjaro hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na getini kuna mzani. Kwa hiyo kila kilo unayoiongeza Gatete "kwa usalama tu" ni kilo inayokwenda kwenye shingo ya mtu, na ikizidi, ni mpagazi mwingine wa kulipwa. Ndiyo sababu tunamwaga mabegi kwenye mikeka: nusu ya kazi ni kutoa vitu.

Tunaiuliza kampuni kabla ya kutia sahihi: wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi na wamevaa nini. Kuna shirika Moshi, KPAP, linalofuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea wapagazi, na linawaazima nguo na vifaa vya baridi bila malipo. Kampuni inayojua habari zake na kujibu maswali yake bila kukasirika ndiyo ninayoendelea kuzungumza nayo. Bei ndogo kupita kiasi lazima imetolewa mahali, na mara nyingi imetolewa kwenye sahani ya mpagazi. Sisi wenyewe tunatoka kwenye familia za watu wanaobeba: mafuta, samaki, mihogo, kuni. Itakuwa aibu kubwa vijana wa Gatete wafike Uhuru kwa jasho la mtu aliyelala na njaa.

Tena hawa ndio shule ya mlima. Mwaka 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, majina yao yaliandikwa vitabuni. Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa hapohapo, kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, mwaka 2012, alitoka kwenye kazi za Kilimanjaro. Vijana wetu hujifunza zaidi kwa kutembea nyuma ya mpagazi, wakitazama anavyoweka unyayo na anavyopumzika, kuliko kwa maneno yangu yote.

Bakshishi tunaitenga mapema. Kiasi cha kila mtu, kuanzia mwongozaji mkuu hadi mpagazi mdogo kabisa, kinaandikwa na kusomwa hadharani siku ya mwisho mbele ya wote, na kila mmoja anapokea chake mkononi mwake, hakipitii kwa mkubwa wake. Pesa hizo zinabadilishwa kuwa shilingi, zinatiwa kwenye bahasha yake, na bahasha hiyo haifunguliwi njiani kwa sababu yoyote, hata basi likituharibikia Kasulu.